UZI: Duka, mahakama na kura. Wazee wa Nyanza na Magharibi tunaowataja bila kuwajua

#1 UpepoWaWinam (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam kutoka Kisumu.

Kila msimu wa kura ukikaribia huku kwetu, majina ya wazee hupandishwa majukwaani. Huyu alikuwa KPU, yule alikuwa KADU (vyama vya siasa vya miaka ya 1960), mwingine alifungwa, mwingine aliuawa. Kisha umati unashangilia na watu wanarudi nyumbani. Mimi jambo hili linaniuma, kwa sababu vijana wengi wanayajua mazishi ya hao wazee kuliko kazi walizofanya. Ukimuuliza mtu pale mjini jumba la Ramogi House lilijengwa na nani, au Ofafa wa Ofafa Memorial Hall alikuwa nani, atakwambia ni majina tu.

Hoja yangu ni hii, na nitaisimamia uzi mzima: huku Nyanza na Magharibi, siasa ya uhuru ilianzia dukani na mahakamani kabla haijafika jukwaani. Koloni halikutawala kwa bunduki peke yake. Lilitawala kwa vifungu vya sheria vilivyomwambia Mwafrika akope kiasi gani, ajenge wapi, alime nini, na akishtakiwa atetewe na nani. Aliyetaka kufanya biashara ya kawaida tu, au kuvaa joho la wakili na kula jasho lake, alijikuta ndani ya siasa hata kama hakuipanga.

Nianze mwaka wa 1921. Mwaka mmoja kabla, 1920, nchi hii ilikuwa imegeuzwa kutoka himaya kuwa koloni. Halafu Jaji Mkuu Jacob Barth akaamua katika kesi ya ardhi kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu kwenye ardhi ya mfalme wa Uingereza, na wangeweza kuondolewa akipenda. Fikiria uzito wa uamuzi huo. Ardhi ya babu yako, makaburi yako, ng'ombe wako, yote yako juu ya ardhi ambayo kisheria si yako. Huwezi kuiweka rehani kupata mkopo maana huna hati.

Desemba mwaka huohuo wa 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, na hapo vuguvugu la Piny Owacho likapata nguvu. Walioliongoza walikuwa vijana waliosoma misheni, wengi wao walimu: Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor Gumba, Simeon Nyende. Someni madai yao kwa utulivu. Walitaka kipande, yaani kitambulisho cha lazima kwa wanaume Waafrika, kiondolewe, kodi ipunguzwe, kambi za kazi ya lazima zifungwe, na watu wapewe hati za ardhi. Hawa walikuwa wamesoma sheria inavyowabana, kifungu kwa kifungu, bila wakili hata mmoja wa kwao. Julai 1922 Gavana Northey alilazimika kuja kuwasikiliza Nyahera, hapa karibu na Kisumu. Baadaye Archdeacon Owen wa kanisa la Kianglikana aliligeuza kundi hilo kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi, na makali yakapungua. Lakini somo lilikuwa limeshaingia.

Sasa twende kwa Jaramogi Oginga Odinga. Simtaki yule wa 1966, kiongozi wa KPU, mnayemjua nyote. Namtaka yule wa miaka ya 1940, mwalimu mwenye daftari la hesabu mkononi.

Alizaliwa mwaka wa 1911 hivi huko Sakwa, Bondo. Alisoma Maseno, Alliance na Makerere, akarudi Maseno kufundisha na kusimamia shule ya mifugo. Angeweza kutulia hapo. Mshahara ulikuwepo, heshima ilikuwepo. Aliacha. Alianza na chama kidogo cha kuweka akiba cha watu wa Bondo, na mwaka wa 1947 kikakua kuwa kampuni iliyosajiliwa: Luo Thrift and Trading Corporation, wengi waliiita LUTATCO. Watu walinunua hisa kwa shilingi walizochuma reli, kwenye mashamba ya chai, na bandarini. Odinga alizunguka hadi Uganda na Tanganyika kuwatafuta Wajaluo walioko huko, akiwaeleza maana ya hisa ni nini.

Kwa nini ajisumbue hivyo, asiende benki? Kwa sababu palikuwa na sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika. Mfanyabiashara wa jumla akimkopesha Mwafrika mali ya zaidi ya shilingi 200 bila afisa wa serikali kuidhinisha, deni hilo lisingeweza kudaiwa mahakamani. Serikali ilisema inamlinda Mwafrika asizame kwenye madeni. Dukani maana yake ilikuwa kwamba hakuna mwenye ghala atakayekuamini na mzigo. Muuzaji wa rejareja wa leo pale soko la Kibuye anajua: bila mali ya mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla, duka halikui. Ukichanganya na ukosefu wa hati ya ardhi, njia iliyobaki ilikuwa watu kuchangishana wenyewe.

LUTATCO ilianzia Maseno, na hata kupata kiwanja cha kujenga jengo la kudumu ilikuwa vita na maafisa. Kisha ikanunua kiwanda cha kuchapa Nairobi, Ramogi Press. Hapo ndipo ninapowaomba mtulie kidogo. Mashine ileile iliyoanzishwa kutafuta faida ndiyo iliyochapa magazeti ya Waafrika ya wakati ule, ya Kijaluo, ya Kikikuyu na ya Kiswahili. Moja ni Ramogi, gazeti la Achieng Oneko. Biashara ya karatasi na wino ikawa sauti ya siasa bila mtu kutoa hotuba. Na Ramogi House hapa Kisumu lilisimama kuonyesha kwamba hela za hisa za vibarua zinaweza kujenga jumba mjini, katika mji ambao majumba yote makubwa yalikuwa ya watu wengine.

Kwa hiyo Machi 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, Odinga hakuwa mgeni wa mtu yeyote Nyanza ya Kati. Alikuwa ameshakaa na wenye hisa wake vijijini miaka kumi. Alimshinda B. A. Ohanga, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kupewa uwaziri katika koloni hili, mwaka wa 1954. Mwenye uwaziri aliangushwa na mwenye leja.

Nimesema ya kutosha kwa mwanzo. Karibuni mchangie, na mwenye kupinga apinge.

#2 SheriaKwanza

Shikamoo mwanzisha uzi. Mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa Kisumu. Umegusa mahakama halafu ukaruka kwenda dukani. Nani alikuwa wakili wa kwanza wa kwetu? Na kwa nini walichelewa hivyo, wakati Wahindi na Wazungu walikuwa na mawakili tangu zamani?

#3 MsomiWaYala

Marahaba, mwanangu. Swali lako niachieni mimi, nimefundisha historia miaka mingi na huyu ni mtu wa Gem.

Anaitwa C. M. G. Argwings-Kodhek. Alizaliwa 1923. Alisoma St. Mary's hapa Yala, akaenda Kisubi na Makerere, akawa mwalimu. Mwaka wa 1947 alipata nafasi ya kusoma Uingereza. Hakutumwa kusomea sheria. Serikali haikuwa na haja ya Mwafrika wa Kenya anayejua sheria, ilitaka walimu na makarani. Yeye aliongeza masomo ya sheria kwa juhudi yake, na 1951 akaidhinishwa kuwa wakili katika Lincoln's Inn, London.

Umeuliza kwa nini walichelewa. Elewa kwamba hapa Afrika Mashariki hapakuwa na mahali pa kusomea uwakili. Lazima uende London, ulipe ada za huko na uishi huko miaka kadhaa. Baba Mhindi mwenye duka Nairobi au Kisumu angeweza kumtuma mwanawe. Mkulima wa Gem angeuza ng'ombe wangapi? Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kilianza na kitivo cha sheria, na Kenya School of Law ikafuata miaka hiyohiyo ya uhuru. Kabla ya hapo mlango ulikuwa mmoja na ulikuwa ng'ambo ya bahari.

Argwings-Kodhek aliporudi Nairobi alipewa kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu kwa mshahara wa theluthi moja ya ule wa Mzungu mwenye sifa zilezile. Akaikataa. Alikuwa pia ameoa Mavis Tate, mwanamke wa Ireland, katika mji ambao makazi yaligawanywa kwa rangi ya ngozi. Hata mahali pa kulala yeye na mkewe palikuwa suala la sheria. Akafungua ofisi yake mwenyewe.

Sasa sikiliza wakati aliofungua. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kanuni zikatoka mfululizo. Kukutwa na risasi moja tu mfukoni kungeweza kukupeleka kitanzini. Kusaidia wapiganaji wa Mau Mau kwa chakula au vifaa kungeweza kukufikisha hapohapo. Mwaka wa 1953 ziliundwa mahakama maalum za kusikiliza kesi hizo haraka, na kufikia mwisho wa vita zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa. Katika historia ya koloni za Waingereza karne ile ni vigumu kupata mahali pengine waliponyonga wengi hivyo kwa amri ya mahakama.

Mshtakiwa alikuwa mkulima asiyejua Kiingereza. Jaji Mzungu, mwendesha mashtaka Mzungu, mkalimani kati yao. Na mtetezi wake akawa huyu kijana wa Gem. Wazungu walimpachika jina la wakili wa Mau Mau. Yeye alikuwa Mjaluo akiwatetea Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakati serikali ilikuwa inafanya kila njia kuwatenganisha watu kwa kabila. Hilo peke yake linatosha kumpa nafasi katika vitabu vya watoto wetu.

Mwaka wa 1955 serikali iliruhusu Waafrika kuunda vyama, ila vya wilaya tu. Hakuna chama cha nchi nzima. Argwings-Kodhek aliunda chake Nairobi na akataka jina lenye Kenya ndani yake. Wakamkatalia, akalazimika kukiita Nairobi District African Congress. Mnaona ujanja wa sheria? Ukimzuia mtu asitumie jina la nchi yake, umemfungia mtaani kwake. Vyama vingi vya kikabila vilivyokuja baadaye vina mizizi katika kanuni ile. Watu hulaumu tabia yetu, nami husema someni kwanza kanuni.

1957 alipigania kiti cha Nairobi akashindwa na Tom Mboya kwa tofauti ndogo. 1963 akawa mbunge wa Gem, baadaye waziri, mwisho Waziri wa Mambo ya Nje. Alifariki tarehe 29 Januari 1969 katika ajali ya gari Nairobi, barabara ya Hurlingham, ambayo leo ina jina lake. Madereva wa matatu wanaitaja barabara hiyo mchana kutwa.

#4 UpepoWaWinam

Mwalimu, asante sana. Nakuongezea mfano mmoja wa mahakama, kwa ajili ya SheriaKwanza.

Achieng Oneko, yule wa gazeti la Ramogi, alikuwa mmoja wa sita wa Kapenguria pamoja na Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei na Kung'u Karumba. Kesi ilipelekwa Kapenguria makusudi, mbali na watu, mahali pasipo hoteli wala simu ya kutosha. Mawakili walilala Kitale na kusafiri kila siku. Tazama jopo lenyewe: D. N. Pritt wa Uingereza, Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies wa Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaika, na Wakenya wenye asili ya Kihindi, Fitz de Souza, A. R. Kapila na Jaswant Singh. Jaji alikuwa Ransley Thacker, aliyekuwa ameshastaafu akaitwa kwa kazi hiyo. Hukumu ilitoka tarehe 8 Aprili 1953.

Oneko alikata rufaa na akashinda. Mahakama ya juu ilisema hana hatia. Kisha hakuachiliwa, akawekwa kizuizini kwa amri ya hali ya hatari na akakaa huko hadi 1961. Soma tena, ndugu yangu mwanafunzi. Mtu ameshinda kesi kwa haki na amebaki ndani miaka mingine mingi kwa karatasi iliyotiwa sahihi ofisini. Sheria ya kizuizini bila kesi haikufa 1963. Oneko huyohuyo aliwekwa kizuizini tena 1969, safari hii na serikali ya uhuru aliyoitumikia kama Waziri wa Habari, hadi 1975.

Na mtu wa Uyoma mwenzake, Walter Odede, daktari wa mifugo na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alikubali kukaimu urais wa chama cha Kenya African Union (KAU) Kenyatta alipokamatwa. Alijua kinachomngoja. Machi 1953 wakamchukua, na akatoka 1960. Pamela aliyeolewa na Tom Mboya ni binti yake.

Huwa nasema hawa wawili wanastahili zaidi ya kutajwa kwa mstari mmoja.

#5 DukaKibuye

Mimi ni mtu wa biashara, niseme langu. Mnasifu LUTATCO, ni sawa, lakini hapa Kisumu biashara ilishikwa na Wahindi tangu reli ifike. Hawa wamo kwenye historia yenu au mnawaruka?

#6 UpepoWaWinam

Wamo, omera, na hawana budi kuwemo.

Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Alidina Visram, aliyeanzia biashara Bagamoyo enzi za misafara, alikuwa na matawi yake njia nzima hadi Uganda, na Kisumu ilikuwa moja ya vituo vyake. Alinunua kwa wenyeji na kuwauzia, akaingia hata kwenye pamba. Alifariki 1916.

Lakini Mhindi naye alifungiwa na sheria, ila kwa mlango mwingine. Nyanda za juu, kuanzia Nakuru na Njoro alikokuwa mlowezi Lord Delamere, zilitengwa kwa Wazungu. Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba huko. Ndiyo maana waliokuwa wafanyakazi wa reli walipewa ardhi huku chini Kibos kwenye joto na malaria. Wakalima miwa. Kiwanda cha Miwani kikaanza 1922, cha kwanza cha sukari nchini, na baadaye familia ya Hindocha ikakimiliki kwa muda mrefu. Kwa hiyo miwa tunayoiona kutoka Kibos hadi Muhoroni ina uhusiano wa moja kwa moja na amri ya nani alime wapi. Mwafrika wa Kano alikuwa chini kabisa ya ngazi hiyo: kibarua wa kukata miwa kwenye ardhi iliyopakana na yake.

Sikubaliani na wanaosema Mhindi ndiye aliyetuzuia kukua. Aliyeandika sheria ya shilingi 200 hakuwa mwenye duka.

#7 DukaKibuye

Hapo sawa. Ila usisahau kwamba wengine walituuzia bei ya kuumiza. Baba yangu alinihadithia.

#8 ShambaKitale

Wandugu, naona uzi umekuwa wa Wajaluo. Mulembe! Sisi wa Kakamega, Bungoma na Busia tuko wapi?

Na napinga kidogo hoja ya mwanzisha uzi. Kwetu siasa haikuanzia dukani. Ilianzia shambani. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, dini ya kienyeji iliyopinga ukoloni, hakuwa na duka wala joho, na serikali ilimwogopa mpaka ikamfunga na kumhamisha. Masinde Muliro naye alisomea Cape Town, Afrika Kusini, akarudi kufundisha, na 1957 akashinda kiti cha Nyanza Kaskazini. Alipoingia Baraza la Kutunga Sheria, hoja yake kubwa ilikuwa ardhi ya Trans-Nzoia. Wazungu walikuwa wameichukua na Kitale ikawa mji wao. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa juu wa KADU ilipoundwa 1960, na kisa cha kupigania serikali za majimbo kwa upande wetu kilikuwa hofu ya nani atapewa mashamba yale Wazungu wakiondoka. Wazee huku wanamkumbuka kwa kuwahimiza watu wachange fedha na kununua mashamba kwa vikundi, wasingoje kupewa.

Jambo ninaloliheshimu zaidi kwake ni la 1975. Mbunge J. M. Kariuki aliuawa, kamati ya bunge ikaleta ripoti, na serikali ikataka isipite. Muliro alikuwa waziri. Akaipigia kura ripoti, akafutwa kazi. Alijua atafutwa. Alifariki tarehe 14 Agosti 1992 alipotua uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London, miezi michache kabla ya uchaguzi wa vyama vingi alioupigania akiwa katika vuguvugu la upinzani la FORD.

#9 UpepoWaWinam

Mulembe, ndugu. Nakubali shamba liingie, na linaingia vizuri. Kikundi cha watu wanaochanga hela, wakasajili kampuni, wakanunua shamba la Mzungu aliyehama, hiyo ni biashara na ni sheria kwa wakati mmoja. Kaskazini mwa Nyanza mlichanga kwa ajili ya ekari, Odinga alichanga kwa ajili ya duka na mashine ya kuchapa.

Ila tafadhali usimwache W. W. W. Awori. Huyo ndiye aliyeshindwa na Muliro 1957. Alikuwa mwanahabari wa Kiswahili kabla ya kuwa mwanasiasa, alikuwa katika Baraza la Kutunga Sheria kuanzia 1952 wakati mgumu kabisa, na alikuwa upande wa KAU wakati kuwa upande huo kulikuwa hatari.

#10 MamaWaButere

Hamjambo kina baba. Nimesoma kurasa nzima na sijaona mwanamke zaidi ya binti ya fulani na mke wa fulani. Mmetaja Awori, basi nami nianze na nyumba hiyohiyo.

Canon Jeremiah Awori alikuwa kasisi wa Kianglikana huku Magharibi. Yeye na mkewe Mariamu walisomesha watoto wao wote, wavulana na wasichana, wakati majirani waliona kumsomesha msichana ni kupoteza ada. Wanaume wa nyumba ile mnawajua: W. W. W., Moody aliyekuwa Makamu wa Rais kuanzia 2003, Aggrey aliyefanya siasa Uganda. Mimi nawaletea dada yao, Mary Okelo. Mwaka wa 1977 alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kusimamia tawi la benki nchini, Barclays. Humo ndani aliona jinsi mwanamke anavyoambiwa alete idhini ya mume ndipo apewe mkopo. Miaka ya 1980 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Kenya Women Finance Trust. Kabla ya hapo alishaanzisha shule ya Makini.

Kaka UpepoWaWinam, umeandika vizuri kuhusu shilingi 200. Basi jua kwamba Mwafrika mwanamume alipofunguliwa mlango wa benki, mwanamke alibaki nje miaka mingine ishirini.

Wa pili ni Grace Onyango, mwalimu, wa hapo hapo Kisumu kwenu. 1965 akawa meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kuwa meya Kenya. 1969 akachaguliwa mbunge wa Kisumu Mjini, wa kwanza kuchaguliwa na wananchi. Angalieni huo mwaka. Mboya aliuawa tarehe 5 Julai. Tarehe 25 Oktoba Kenyatta alikuja kufungua hospitali mnayoiita Russia, wakarushiana maneno na Odinga hadharani, na watu wakapigwa risasi barabarani. KPU ikapigwa marufuku, viongozi wakakamatwa. Katika mji uliojaa matanga, Desemba hiyo, watu walimchagua mwanamke awasemee bungeni. Aliketi mpaka kwenye kiti cha Spika, kama naibu wa muda, na alihudumu hadi 1983. Alifariki 2023.

Na kwako SheriaKwanza, kama wewe ni binti au una dada anayesoma sheria: Effie Owuor, 1982, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya.

#11 SheriaKwanza

Ni binti, mama. Asante. Nimeliandika jina hilo.

Hospitali ya Russia ndiyo iliyo na jina la Jaramogi leo, sivyo? Yaani mahali palipomfikisha kizuizini ndipo jina lake lilipo?

#12 UpepoWaWinam

Ndiyo. Msaada wa Wasovieti wa kuijenga alichangia kuuleta yeye mwenyewe akiwa Makamu wa Rais. Siku ya kufunguliwa alikuwepo kama kiongozi wa upinzani, na siku chache baadaye akawa mahabusu. Leo ni Jaramogi Oginga Odinga Teaching and Referral Hospital.

Mama wa Butere, ya benki nimeyapokea kwa mikono miwili, na nayataka yabaki kwenye uzi huu palepale yalipo, karibu na LUTATCO.

Kabla sijasahau, Ofafa. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi, mtu wa Luo Union, chama cha ustawi cha Wajaluo. Aliuawa kwa risasi Nairobi mwaka wa 1953, katikati ya vita. Mitaa ya Ofafa kule Nairobi ina jina lake, na watu wa kwao walichanga hadi ukumbi wa kumkumbuka ukajengwa hapa Kisumu. Tena ni mchango uleule wa shilingi za vibarua. Ukumbi huo umefanyiwa harusi, mikutano ya siasa na matanga ya watu wengi, na sijaona kibao kinachowaeleza vijana mtu huyu alikuwa nani. Kama kuna diwani wa leo anasoma hapa, kibao kimoja hakigharimu kitu.

#13 DukaKibuye

Mwalimu wa Yala, nina swali la mwisho nikafunge duka. Argwings-Kodhek alipofariki Januari 1969, Gem ilimpa nani kiti?

#14 MsomiWaYala

Swali zuri sana, kwa maana watu wa Gem walitoa jibu ambalo serikali haikulipenda. Marehemu alikuwa waziri wa KANU, chama tawala. Uchaguzi mdogo ulifanyika Mei 1969, na watu wakamchagua Wasonga Sijeyo wa KPU. KANU ilishindwa nyumbani kwa waziri wake yenyewe, mawaziri wakiwa wamekuja kupiga kampeni.

Sijeyo alikaa bungeni miezi michache tu. Baada ya Oktoba alichukuliwa pamoja na wenzake wa KPU. Odinga alitoka 1971, Oneko 1975. Sijeyo alibaki ndani hadi Desemba 1978, Moi alipowaachilia waliokuwa kizuizini baada ya kifo cha Kenyatta. Miaka tisa, bila kushtakiwa mahakamani, mbunge aliyechaguliwa katika jimbo lililomtoa wakili wa kwanza Mwafrika wa nchi hii.

SheriaKwanza, ukipata nafasi ya kuandika tasnifu, andika juu ya mwaka huo mmoja wa Gem. Mimi nitakutafutia wazee waliopiga kura siku ile, wangali wapo wachache huku Yala, na wanakumbuka vizuri.